Tuzo Humfuata Aliyeshika Mpira

Zilikuwa zimebaki sekunde 26 za Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Seattle Seahawks walikuwa nyuma kwa 28–24 dhidi ya New England Patriots, jaribio la pili kati ya manne, mpira ukiwa yadi 1 tu kutoka mstari wa goli. Ilikuwa tarehe 1 Februari 2015 mjini Glendale, Arizona; kwa saa za Afrika Mashariki, Jumatatu ilikuwa inakaribia kupambazuka. Mkimbiaji Marshawn Lynch, ambaye mtu mmoja hamwangushi kirahisi, alikuwa ametoka kula yadi 4 kwa jaribio moja, na karibu kila aliyekuwa akitazama alitarajia apewe mpira tena. Kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) Russell Wilson akarusha pasi fupi ya kukata ndani kwa Ricardo Lockette. Malcolm Butler, beki wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna klabu iliyomchagua siku ya usajili wa vijana wa vyuo, akamtangulia mpokeaji na kuinasa. Fainali ikawa imekwisha.

Tuzo ya Mchezaji Bora wa fainali ile alipewa Tom Brady, kwotabeki wa Patriots.

Brady hakucheza vibaya hata kidogo. Alifikisha pasi 37 kati ya 50, yadi 328, tachidauni 4 (mpira kufikishwa ndani ya eneo la goli), na timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 10 ilipoingia robo ya nne. Mara mbili pasi zake zilinaswa na Seattle, lakini robo ile ya mwisho aliicheza kama mtu anayesoma kitabu alichokiandika mwenyewe. Hata hivyo, kama Butler angechelewa nusu hatua, takwimu zote hizo zingebaki kumbukumbu ya kwotabeki aliyeshindwa. Brady mwenyewe alilijua hilo: gari aina ya pikapu lililoambatana na tuzo, alimpa Butler.

Ukirudia kuitazama picha ya tukio lile polepole, utaona jambo kubwa kuliko Butler. Seattle walipanga wapokeaji wawili upande wa kulia, Jermaine Kearse mbele na Lockette nyuma yake. Mpango ulikuwa Kearse amsukume beki aliye mbele yake, kisha amzibie njia beki wa nyuma, ili Lockette akate ndani akiwa huru. Beki wa mbele alikuwa Brandon Browner, aliyekuwa Seattle hadi msimu uliotangulia na aliyeifahamu mipango yao ya karibu na goli. Mpira ulipoanza tu, Browner alimkamata Kearse kifuani akamgandisha palepale kwenye mstari. Njia ikabaki wazi, na Butler akapita kama mtu anayekimbilia mlango ulioachwa wazi. Katika karatasi ya takwimu, Butler ameandikiwa pasi moja iliyonaswa. Browner, kwa kazi ile ya sekunde moja bila mpira, hakuandikiwa chochote.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Matukio yanayoamua fainali za Super Bowl hutokana mara nyingi na watu wasioshika mpira, au wanaoushika mara moja tu, lakini tuzo imejengwa kumtafuta aliyeushika muda mrefu. Wapigakura ni watu wanaoujua mchezo vizuri. Namna wanavyohesabu na saa wanayopigia kura ndivyo vinavyowavuta kwa mtu yuleyule.

Tazama hesabu. Kuanzia fainali ya kwanza, tarehe 15 Januari 1967, Green Bay Packers walipowafunga Kansas City Chiefs 35–10 mjini Los Angeles, hadi fainali ya 59 ya Februari 2025, makwotabeki wametwaa tuzo hii mara 34. Brady peke yake anazo 5. Wapokeaji wameipata mara 8, wakimbiaji mara 7, na baina ya mwaka 1999 na 2025 hakuna mkimbiaji hata mmoja. Walinzi ni 10 katika fainali 9, kwa sababu mwaka 1978 Randy White na Harvey Martin wa Dallas Cowboys waligawana. Mmoja ni wa kikosi cha mateke, lakini alikuwa mpokeaji wa teke. Wale wanaume watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga, ambao bila wao hakuna pasi wala mbio, hawajawahi kuipata. Wapiga teke nao hawajawahi.

Kwa msomaji aliyezoea soka, tukumbushane kidogo. Timu inayoshambulia ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa hupata mengine 4. Wachezaji wa mashambulizi na wa ulinzi ni watu tofauti kabisa, na kikosi cha mateke ni kundi la tatu. Kwotabeki hugusa mpira karibu kila jaribio la mashambulizi. Kila pasi yake inahesabiwa, inapimwa kwa yadi, inawekwa kwenye skrini. Mlinzi anaweza kucheza majaribio 60 na kuiharibu mipango ya mpinzani mara 20, akatoka na mstari mmoja tu kwenye takwimu.

Sasa ongeza utaratibu wa kura. Jopo la waandishi na watangazaji 16 lina asilimia 80 ya uamuzi, na mashabiki wanaopiga kura kwa njia ya mtandao wana asilimia 20. Kura huanza kukusanywa robo ya nne, kipenga cha mwisho hakijalia, kwa sababu jukwaa linapangwa, televisheni inasubiri, na jina lazima liwe tayari. Mwandishi anayetakiwa kuamua zikiwa zimebaki dakika chache hana nafasi ya kurudia mkanda. Anaangalia kilicho mbele yake: namba za kwotabeki wa timu inayoongoza.

Fainali ya Januari 2003 mjini San Diego ni ushahidi mzuri. Tampa Bay Buccaneers waliwaponda Oakland Raiders 48–21, wakanasa pasi 5 za Rich Gannon, tatu kati yake zikarudishwa hadi tachidauni. Tuzo alipewa beki wa mwisho Dexter Jackson, aliyenasa mbili katika nusu ya kwanza. Mwenzake Dwight Smith alinasa mbili pia, na zote mbili alizirudisha hadi tachidauni, yadi 44 na yadi 50. Tachidauni yake ya pili ilikuja sekunde za mwisho kabisa, kura zikiwa zimeshapigwa. Sina neno na Jackson, alicheza vizuri. Lakini kura inayofungwa kabla ya tendo halijakamilika haiwezi kuitwa kura ya mchezo mzima.

Fainali iliyoniumiza zaidi kwa hukumu yake ni ya tarehe 3 Februari 2002, New Orleans. St. Louis Rams walikuwa na mashambulizi ya kutisha, na Patriots walipewa nafasi ndogo mno. Kocha wao Bill Belichick alichagua kumshughulikia mkimbiaji Marshall Faulk: kila Faulk alipotoka nyuma kwenda kupokea pasi, mlinzi alimgonga kwanza ndipo akaendelea na kazi nyingine. Kwotabeki Kurt Warner alikuwa amezoea kumkuta Faulk mahali fulani kwa wakati fulani; safari hii hakumkuta. Robo ya pili, Mike Vrabel akamfikia Warner usoni wakati anarusha, mpira ukayumba, Ty Law akaunasa na kukimbia yadi 47 hadi goli. Rams walipoteza mpira mara 3, na pointi zote 17 za kwanza za Patriots zilitokana na makosa hayo matatu. Mwishoni, ubao ukisoma 17–17, Adam Vinatieri akapiga teke la yadi 48 muda ukiisha. Mwisho 20–17.

Tuzo ikaenda kwa Brady aliyekuwa na yadi 145 na tachidauni 1. Usiku uleule Warner, aliyeshindwa, alikuwa na yadi 365.

Naelewa kilichowavutia wapigakura. Zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 21, Patriots hawana taimauti (nafasi ya kusimamisha saa), kijana yule aliisogeza timu kwa pasi fupifupi hadi mahali Vinatieri anaweza kufika. Ni kazi ya moyo mgumu. Lakini mchezo wa dakika 60 uliojengwa na ulinzi kwa dakika 58 ulipewa jina la mtu wa dakika mbili za mwisho. Law angestahili. Na kama ningeambiwa niseme nani aliyeanzisha kila kitu, ningemtaja Vrabel, kwa sababu pasi ya Warner iliharibika mkononi kabla haijafika kwa Law.

Hilo ni jambo ambalo watazamaji wengi hulikosa: pasi inayonaswa kwa kawaida ina wazazi wawili. Kuna aliyemharakisha kwotabeki, na kuna aliyekuwa mahali mpira ulipoangukia. Wa pili ndiye anayepewa takwimu. Kati ya walinzi 10 waliowahi kupata tuzo, watano walikuwa na pasi walizonasa: Chuck Howley, Jake Scott, Larry Brown na Dexter Jackson walinasa mbili kila mmoja, na Malcolm Smith wa Seattle alinasa moja akairudisha yadi 69 mwaka 2014. Brown, katika fainali ya Januari 1996 dhidi ya Pittsburgh Steelers, aliletewa zote mbili karibu mkononi na Neil O'Donnell, hakuna mpokeaji wa Pittsburgh aliyekuwa karibu. Kwa hiyo hata mlinzi, ili aonekane, inambidi kwa sekunde chache awe mtu wa kushika mpira.

Wanaoshinda kwa kumfukuza kwotabeki bila kugusa pasi ni wachache, na Von Miller ndiye mfano safi. Februari 2016, Denver Broncos walipowafunga Carolina Panthers 24–10, Miller alimwangusha kwotabeki Cam Newton mara 2 na nusu (nusu ni pale wawili wanapoangusha pamoja) na kumpokonya mpira mara mbili, kila mara karibu na goli la Carolina. Hapo hata kura ya haraka haikuweza kukosea.

Ilikosea, kwa maoni yangu, mwaka 2008. Patriots waliingia fainali ya tarehe 3 Februari wakiwa wameshinda michezo 18 bila kufungwa, na walikuwa wamefunga pointi 589 katika michezo 16 ya msimu wa kawaida, karibu 37 kwa mchezo. New York Giants waliwabana kwenye 14. Watu wanakumbuka mpira ambao David Tyree aliubana kwenye kofia yake: jaribio la tatu, yadi 5 zinahitajika, dakika 1 na sekunde 15 zimebaki, Eli Manning amekamatwa jezi na walinzi wawili akajinasua, akarusha mbali, Tyree akaruka na kuubana mpira kichwani kwa mkono mmoja huku Rodney Harrison akimvuta chini. Yadi 32. Muda mfupi baadaye Plaxico Burress akafunga na matokeo yakawa 17–14. Ni tukio linalostahili kila kumbukumbu linalopewa.

Lakini swali la kiufundi ni hili: kwa nini Giants walikuwa bado na nafasi dakika hiyo? Jibu ni Justin Tuck na wenzake. Tuck kwa kawaida alikuwa mlinzi wa pembeni. Giants walimwingiza katikati kwenye majaribio ya pasi, akabiliane na wakingaji wa ndani wa Patriots ambao ni wazito na hawana miguu myepesi. Sababu yake ni Brady mwenyewe. Akishambuliwa kutoka pembeni, Brady hupiga hatua moja mbele na kurusha kwa utulivu. Ukimletea mtu katikati, hatua ile ya mbele haipo. Na kwa kuwa Giants walitosheka na watu wanne kumfukuza, walibakiza saba nyuma kuwafunika wapokeaji. Brady aliangushwa mara 5, mbili na Tuck. Tuck pia alimpokonya mpira karibu na mapumziko, ukaokotwa na Osi Umenyiora, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa London, ambaye siku hizi anaongoza kazi ya NFL barani Afrika. Manning alipata tuzo kwa yadi 255, tachidauni 2 na pasi 1 iliyonaswa. Kura yangu ingekwenda kwa Tuck bila kusitasita.

Sitaki msomaji adhani kila kwotabeki aliyepewa ameiba. Tarehe 31 Januari 1988, San Diego, Doug Williams alikuwa kwotabeki wa kwanza Mweusi kuanza fainali ya Super Bowl. Washington walikuwa nyuma 10–0 dhidi ya Denver Broncos baada ya robo ya kwanza, na Williams alikuwa ameumia goti. Robo ya pili akarusha tachidauni 4, Washington wakafunga pointi 35 katika robo hiyo moja, na mchezo ukaisha 42–10. Yadi 340. Tuzo ile ilikuwa yake, na uzito wake ulizidi uwanja; kwa miaka mingi makocha walikuwa wakiwahamisha makwotabeki Weusi kwenda nafasi nyingine kwa madai kwamba kazi ile haiwafai.

Pamoja na hayo, usiku ule ulikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Timmy Smith, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akianza mchezo kwa mara ya kwanza katika ligi, alikimbia yadi 204, rekodi ya fainali. Washington kwa jumla walitengeneza yadi 602. Siri ilikuwa mbele. Mchezo wao mkuu ulikwenda hivi: mkimbiaji anapiga hatua ya uongo kushoto, walinzi wa Denver wanamfuata, wakati huohuo wakingaji wawili wa upande wa kushoto wanaacha nafasi zao na kukimbia kuelekea kulia nyuma ya wenzao, wa kwanza anamtoa mlinzi wa pembeni, wa pili anapenya katika pengo kumtafuta mlinzi wa nyuma, mkimbiaji anageuka na kufuata migongo yao. Unaharibika kwa urahisi sana. Mkingaji wa pili akichelewa, pengo linajifunga. Mkimbiaji akiwa na haraka, anamgonga mtu wake mwenyewe. Ulinzi usiodanganyika na hatua ile ya kwanza unaumaliza nyuma ya mstari. Kuucheza kwa usahihi mchezo mzima ni kazi ya ufundi inayolingana na pasi yoyote, na hakuna kipimo hata kimoja katika karatasi ya siku ile kilichoonyesha majina ya waliofanya.

Fainali ya Februari 2017, Patriots waliporudi kutoka 28–3 na kuwafunga Atlanta Falcons 34–28 katika muda wa nyongeza, Brady aliistahili kwa yadi 466, ingawa James White alipokea pasi 14 na kufunga pointi 20. Ila nina ombi kwa anayeitazama tena. Falcons wakiongoza 28–20, walikuwa ndani ya eneo la kupiga teke la pointi 3 ambalo lingewapa tofauti ya 11, na Patriots wangehitaji kufunga mara mbili. Trey Flowers wa Patriots akamwangusha kwotabeki Matt Ryan kwa hasara ya yadi 12. Jaribio lililofuata Atlanta wakaadhibiwa kwa kumshika mpinzani, wakatoka nje ya eneo la teke, wakalazimika kuupiga mpira mbali na kuwaachia Patriots. Pointi hizo 3 zisizopatikana ndizo zilizoacha mlango.

Kikosi cha mateke kina mtu wake mmoja tu, Desmond Howard wa Green Bay, Januari 1997. New England walikuwa wamekaribia 27–21; teke la kuanzisha upya likamfikia, akakimbia yadi 99 hadi goli. Kwa wasomaji wa Kiswahili, kundi hili lina jina la kwetu: Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, alicheza humo humo. Kazi yake ilikuwa kukimbia kasi yote kumzuia mtu kama Howard, na mtu huyo akizuiwa vizuri hakuna kinachotokea cha kuandikwa.

Marekebisho hayana ugumu. Kwanza, kura zipigwe kipenga kikishalia, hata kama jukwaa litasubiri robo saa. Pili, ziwe tuzo mbili, ya mashambulizi na ya ulinzi, kama shirika la habari la Associated Press linavyofanya kwa msimu mzima. Watakaopinga watasema kwotabeki ndiye anayebeba uzito mkubwa kuliko yeyote, na wako sahihi. Atabaki kuipata ya mashambulizi mara nyingi. Watasema pia televisheni inataka jina moja. Televisheni ilivumilia majina mawili mwaka 1978.

Na wapigakura wa zamani walishawahi kuonyesha ujasiri mkubwa zaidi. Tarehe 17 Januari 1971 mjini Miami, Baltimore Colts na Dallas Cowboys walipoteza mpira jumla ya mara 11 baina yao, hadi Jim O'Brien alipopiga teke la yadi 32 zikiwa zimebaki sekunde 5, Colts wakashinda 16–13. Tuzo, ambayo enzi hizo ilitolewa na jarida la SPORT, alipewa Chuck Howley, mlinzi wa Dallas aliyenasa pasi mbili. Timu yake ilikuwa imefungwa. Hadi fainali ya Februari 2025, yeye ndiye mchezaji pekee wa upande ulioshindwa aliyewahi kuipata, na ilimbidi asubiri hadi 2023 ndipo jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu kule Canton, Ohio.